Resini haizami ndani ya mfupa wa dome, tufanyeje?

Mwalimu_Chumbageni:

Habari za jioni wakuu. Nafundisha kemia sekondari hapa Tanga. Klabu yetu ya sayansi mwaka huu inashughulikia mifupa ya dome, yule ngisi mnene mwenye kipande cheupe mgongoni. Kwetu mali hii haina bei. Unaiokota ufukweni Raskazone na Sahare, na pale Deep Sea wanaosafisha samaki wanaitupa pembeni.

Tunataka kujaza matundu yake kwa resini, ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu, tupate kitu chepesi lakini kigumu. Baadaye tujaribu kuigeuza kaboneti yake iwe hidroksiapatiti, jamii ya madini yaliyomo kwenye mifupa yetu wenyewe. Nimesoma kwamba chumvi inayotumika ni fosfati ya diamonia, yaani hiyo hiyo DAP tunayopandia mahindi.

Shida ni kwamba resini tuliyopewa na mafundi faiba wa boti inakaa juu tu. Tukikata kipande kwa msumeno wa chuma, ndani ni kweupe na kukavu, ukigusa unabaki na unga vidoleni. Tumepunguza hadina (dawa ya kugandisha), tumeongeza, hali ni ile ile. Sasa vijana wanasema tusage mifupa yote, tuchanganye unga na resini, tumwage kwenye kalibu. Moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kuwashinda. Naombeni msaada.

DadaKauri_Bagamoyo:

Mwalimu, usikubali wasage! Hoja yako ni hii: kalsiamu kaboneti, yaani jiwe la chokaa, Tanga mnaikalia, mapango yote ya Amboni yamechongeka ndani yake. Mkisaga dome mtabaki na hiyo hiyo. Thamani ya dome iko kwenye matundu yake na namna yalivyopangwa.

Chukua wembe mpya, kata kipande wima, kiinue kwenye mwanga ukitazame kwa lenzi. Utaona sakafu juu ya sakafu, na katikati kuta nyembamba zilizosimama zikijikunja-kunja. Kimo cha chumba kimoja ni kama nusu milimita au chini yake, na unene wa ukuta ni maikromita (sehemu za elfu za milimita) chache tu. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za ujazo wake ni uwazi, na bado mnyama anashuka nayo makumi ya mita bila kupondeka. Umbo hilo hulipati kwa kumwaga unga kwenye kalibu, hata uwe na kinu cha namna gani.

Ninyi si wa kwanza kuazima umbo kutoka baharini. Mwaka 1972 akina White na Weber wa Marekani walieleza katika jarida la Science njia waliyoiita replamineform. Walichukua matumbawe na miiba ya yule mnyama wa miamba anayewachoma watu miguu, wakajaza matundu kwa nta au plastiki, kisha wakayeyusha kaboneti kwa asidi. Kilichobaki ni umbo la uwazi, likiwa sasa kitu kigumu. Ukijaza tena nafasi iliyoachwa na kaboneti, kwa chuma au kauri, unapata matumbawe ya chuma au ya kauri. Walichokuwa wanakitafuta ni matundu yanayopitiana, ili nyama na mfupa wa mgonjwa viweze kukua ndani yake. Mfupa unahitaji tundu la angalau maikromita 100 hivi, na tumbawe la jamii ya Porites lina matundu ya kama 200, yote yamefunguana. Mimi jambo hili halijaacha kunistaajabisha tangu nilisome.

Miaka miwili baadaye, 1974, Della Roy na Linnehan wakachukua njia nyingine kabisa. Hawakujaza kitu. Waliliacha tumbawe na umbo lake, wakabadilisha madini tu, kwa fosfati, kwenye joto la 260°C na presha ya karibu angahewa 1,000, yaani mara elfu ya presha ya hewa ya kawaida. Kaboneti inatoka, fosfati inaingia, matundu yanabaki palepale. Bidhaa iliyotokana na kazi hiyo, Pro Osteon, iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kujazia mapengo ya mifupa iliyovunjika.

Sasa turudi kwenye resini yenu. Inayowazuia ni hewa. Zile sakafu zimeziba, resini ikitoka juu haina pa kupita. Kwa hiyo kateni vipande vyembamba kwa wima ili kila chumba kifunguke ubavuni. Viloweke kwenye jiki iliyozimuliwa usiku mzima, maana ndani kuna utando wa kaitini na protini unaoziba njia. Suuza sana, anika hadi vikauke kabisa.

Kisha tafuteni fundi friji. Kompresa ya friji kuukuu ina upande wa kunyonya, na upande huo unatosha kutoa hewa. Chombo kiwe sufuria nene ya chuma, juu yake mpira na kifuniko cha plastiki nene inayoonyesha. Msitumie chupa ya kioo, inaweza kupasukia ndani na kumwaga vigae. Zamisha kipande kwenye resini, kiwekee uzito kisielee, nyonya hewa. Mtaona mapovu yanatoka kwa wingi. Yakipungua, rudisha hewa taratibu, na hapo ndipo resini inasukumwa ndani. Rudieni.

Na hiyo ya mafundi boti iacheni. Ni poliesta, ina stairini, kimiminika kinachopaa haraka, na chini ya vakyumu, yaani hewa ikinyonywa, inachemka yenyewe. Tafuteni epoksi nyepesi inayochelewa kuganda, muipashe kidogo tu iwe laini zaidi.

Sonara_wa_Barabara_ya_Kumi:

Mwalimu, na mimi niseme neno. Sisi masonara mfupa wa dome tunaujua kwa kazi nyingine. Unapasua mfupa mkubwa vipande viwili, unasugua upande laini hadi vikutane bila mwanga kupita, unabonyeza pete ya mfano katikati, unachonga mlango wa kumiminia na vinjia vya hewa, unafunga kwa waya. Fedha iliyoyeyuka inaingia moja kwa moja. Inatoa harufu ya kucha zinazoungua, na mfupa unakuwa mweusi ndani, lakini pete inatoka na zile sakafu anazosema dada zimechorwa juu yake, mstari kwa mstari. Kuna wateja wanataka mistari hiyo isifutwe.

Waleteni wanafunzi waone. Mfupa uliokaa juani muda mrefu unavunjika ukiubonyeza, chagueni uliokauka kivulini.

Mzamiaji_Kaole:

Naunga mkono dome. Nimeandika kwa sababu najua atatokea mtu aseme "matumbawe ni bora zaidi, twendeni tukavunje". Tafadhali msifike huko. Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Tanga mna hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009. Porites inakua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo jiwe la ukubwa wa kichwa lina umri wa mwanafunzi wenu au zaidi. Miamba ya Tanga imeshaumizwa vya kutosha na baruti.

Mkitaka kuona matundu yake, nendeni kwenye magofu ya Tongoni, au mje huku ya Kaole. Wajenzi wa zamani walilikata tumbawe bichi majini, wakalichonga likiwa laini, likawa gumu hewani. Kwenye kingo zilizochongwa matundu madogo yanaonekana kwa macho. Tazameni tu, msikwangue.

Mwalimu_Chumbageni:

Nashukuruni sana, na shikamoo mzee Sonara, tutakuja. Dada, nimewasomea vijana hoja yako ya Amboni, mjadala wa kusaga umekwisha. Swali moja: kwa upande wa fosfati, shule ina sufuria ya presha jikoni. Inaweza kutumika?

DadaKauri_Bagamoyo:

Hapana, Mwalimu, na hapa naomba unisikilize. Sufuria ya presha inaishia kama 120°C. Wanaogeuza dome maabara wanatumia 200°C ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye kikombe cha tefloni ndani. Kwenye joto hilo mvuke wa maji peke yake una presha ya angahewa 15 hivi. Ongeza na amonia na kaboni dioksidi zinazozaliwa humo, presha inapanda zaidi. Hiyo ni kazi ya chuo kikuu. Waandikieni, wapelekeeni vipande vyenu vilivyokwisha kusafishwa.

Shuleni fanyeni toleo la pole. Hesabu ni moli 10 za kaboneti kwa moli 6 za fosfati, yaani gramu 10 za dome kwa karibu gramu 8 za DAP. Ya dukani ni chumvi hiyo hiyo ila ina uchafu. Iyeyusheni, chujeni, au nunueni ya maabara kama bajeti inaruhusu. Wekeni kwenye maji ya moto yasiyochemka, chombo kifunikwe bila kukazwa, nje penye upepo kwa sababu amonia itawawasha macho. Mabadiliko yatakuja polepole na yataanzia kwenye ngozi ya ukuta. Lakini ukuta wa dome ni mwembamba mno, kwa hiyo hata ngozi ni sehemu kubwa.

Kupima ni rahisi. Suuza kipande, kikaushe, weka tone la asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, na pembeni kipande ambacho hakikuguswa. Kaboneti inatoa mapovu kwa nguvu, apatiti inayeyuka kimya. Mapovu yakipungua siku hadi siku, kuna kinachoendelea. Hiyo ni dalili tu, uthibitisho ni mashine ya eksirei ya kuchunguza fuwele.

Na vile vipande vilivyonyonya epoksi, tieni kimoja kwenye asidi hiyo hiyo hadi mapovu yaishe kabisa. Kitakachobaki mkononi ni uwazi wa dome ukiwa umegeuka plastiki. Mwambieni kila mwanafunzi akitazame kwa lenzi kabla hamjaniletea picha hapa. Na chochote mtakachotengeneza kisitumike kwenye jeraha wala jino la mtu yeyote.