Picha za mapepo na miungu wanaokula watu: ni sanaa au ni kutukuza giza?

Kisiki: Wakuu habari zenu. Siku hizi ukifungua simu kila mchoro ni fuvu, pembe, damu. Ukiwauliza wachoraji wanajificha nyuma ya wakubwa wa zamani, eti mbona Goya, yule mchoraji wa Uhispania, alimchora Saturn, mungu wa Warumi, anamla mtoto wake mchanga. Kwa hiyo ndo ruhusa? Mimi nasema ni kutukuza giza, na wanaozipenda wana shida kichwani. Karibuni.

Tausi: Shida kichwani? Mimi nachora mapepo na nina akili zangu timamu. Leta hoja ndugu, acha kututukana.

Chuma: Mleta mada hiyo picha hujaiangalia. Hapo hamna mtoto mchanga! Vuta karibu uone, ule mwili una mgongo na makalio ya mtu mzima, kichwa kishaliwa, mkono uko mdomoni. Kichanga kiko kwenye picha ya Rubens, mchoraji aliyemtangulia Goya, ya 1636 hivi, pale mzee anamng'ata kifuani. Zote mbili ziko makumbusho ya Prado, Madrid.

Kisiki: Mtoto ni mtoto hata akiota ndevu. Mnakwepa swali.

Chuma: Nani kakwepa? Angalia macho sasa. Saturn wa Rubens katulia kabisa, anafanya kazi yake. Wa Goya macho yamemtoka kama mwizi aliyefumaniwa, anaogopa kuliko hata anayeliwa. Na ndo hadithi yenyewe, aliambiwa mwanawe atampindua, akawa anawala kwa woga. Woga huo unatukuza nini?

Babu Kobe: Na angemtukuzia nani wajukuu zangu? Goya alipaka rangi kwenye kuta za nyumba yake mwenyewe nje ya Madrid, kama 1819 mpaka 1823, miaka sabini na kitu, kiziwi. Picha 14, hakuuza hata moja, hata majina hakuzipa. Zilibanduliwa ukutani miaka ya 1870 huko, mwenyewe keshakufa zamani.

Nuru: Subiri babu, kama hakuzipa majina nani kasema huyo ni Saturn? Wa Rubens ana mundu na nyota tatu juu yake, unamjua mara moja. Huyu hana mundu, hana nyota, hana chochote.

Chuma: Mzee uchi anayemla mtu unadhani ni nani mwingine?

Nuru: Anaweza kuwa mtu yeyote tu, na hapo ndo inatisha zaidi.

Kisiki: Haya mmesema wenyewe, hata hadithi hamna, ni mtu anamla mtu!

Tausi: Kisiki bado hujanijibu. Mchoraji wa Italia, Artemisia Gentileschi, alibakwa 1611, kesi ikasikilizwa 1612, na huyo huyo akamchora yule mjane Judith anamkata kichwa jemadari wa adui, Holofernes, mjakazi kambana chini, damu inachuruzika kwenye shuka. Na yeye ana shida kichwani? Mwambie usoni.

Kisiki: Dada hiyo ni Biblia, usichanganye na mapepo.

Babu Kobe: Ya Wakatoliki na Waorthodoksi mjukuu wangu. Ya Waprotestanti nyingi hazina kitabu cha Judith.

Kisiki: Kwa hiyo babu unasema Biblia yangu ina upungufu??

Nuru: Tumeshahama mada.

Tausi: Hamjahama, anakimbia. Kisiki nimekuuliza kuhusu Artemisia, ndiyo au hapana?