Zombi wameisha kwenye msimamizi wa madirisha, sasa rejista ya printa inadanganya

Fotokopi_Katuba:

Jambo yenu wote. Niko na kaduka ka fotokopi huku Katuba, Lubumbashi. Mashine ya kaunta ni ya zamani, biti 32, RAM giga 2, kwa hiyo sikuiwekea desktopu nzito. Niliandika msimamizi wangu wa madirisha (programu inayopanga madirisha kwenye skrini na kupokea vitufe) kwa C na Xlib (maktaba ya kuongea na X, mfumo unaochora madirisha), faili moja tu. Mod+L inafungua LibreOffice, Mod+S skana, Mod+I inatuma kazi kwa printa. Wanafunzi wakianza kuleta TFC zao (kazi za kumaliza masomo), vitufe hivyo vinabonyezwa tangu asubuhi mpaka nafunga.

Kila kitufe kinaita `fork()`, yaani prosesi (programu inayoendesha) inajinakili; nakala, ndiyo mtoto, anaita `execvp()` kugeuka programu ninayotaka, mzazi anarudi kwa `XNextEvent()` kusubiri kitufe kingine bila kungoja mtu. Jioni nikiandika `ps aux` naona mistari na mistari ya zombi (prosesi zilizokwisha lakini bado ziko kwenye orodha), yenye Z na `<defunct>`. `kill -9` haiwagusi. Basi nikaongeza hii mwanzoni mwa `main()`, ya kupuuza SIGCHLD, ishara ya kwamba mtoto amekufa:

`signal(SIGCHLD, SIG_IGN);`

Zombi wakaisha, lakini shida ikahamia kwingine. Mod+I inawasha kaprogramu kangu kengine ka C, kanaita `lp` (amri ya kuchapa) kupitia `system()`, kisha kanaandika kwenye rejista: kurasa ngapi, franka ngapi, "imepita" ama "imekwama". Tangu mstari ule uingie, karatasi inatoka safi kabisa, na rejista inaandika "imekwama". Jioni hesabu ya karatasi na hesabu ya franka hazipatani, na kijana anayenisaidia kaunta ananitazama kama vile namshitaki wizi.

Nikienda tty2 (skrini ya maandishi nje ya X, Ctrl+Alt+F2) na kuwasha kaprogramu kale kale, kanaandika "imepita". Nikiondoa mstari, rejista inapona na zombi wanarudi. Mambo haya mawili yanahusiana vipi?

bila_panya:

Uwashe upya msimamizi wako kila saa sita mchana. Mzazi akifa, zombi wote wanachukuliwa na init (prosesi ya kwanza ya mashine), inawaondoa mara moja. Mambo kwisha.

Fotokopi_Katuba:

Ndugu, nikimzima yeye, X nzima inafungwa, na TFC ya mtu iko wazi ndani ya LibreOffice haijahifadhiwa. Utakuja wewe kumweleza mwenyewe?

Mwana_Kadutu:

Na hata angejiwasha upya kwa `exec`, PID (namba ya prosesi) inabaki ile ile, kwa hiyo zombi wanabaki wake. Tuache njia hiyo.

Nikujibu toka Bukavu huku, maana rejista yako imenifurahisha. Prosesi ikimaliza, kerneli (kiini cha mfumo) inarudisha RAM yake na kufunga mafaili yake, ila inabakiza mstari mmoja katika jedwali: PID, na namba ambayo prosesi imeiacha ikitoka. Mzazi ndiye anatakiwa kuja kuisoma kwa `wait()` ama `waitpid()`. Asipokuja, ni maiti isiyo na mwenye matanga. `kill` haina kazi hapo kwa sababu hakuna tena kitu cha kuua. RAM hawali, ila kila mmoja ameshika PID yake, na kwenye biti 32 kikomo cha PID, `pid_max`, ni 32768. Kabla ya kufika huko utagonga kwanza kikomo cha prosesi za mtumiaji mmoja, `ulimit -u`, na `fork()` itaanza kukataa.

Sasa SIG_IGN. Kwa SIGCHLD, maana yake ni kuiambia kerneli: watoto wangu wakifa usiniwekee kitu, futa. Sawa kabisa kwa msimamizi wa madirisha. Lakini ishara iliyopuuzwa inabaki imepuuzwa hata baada ya `execvp()`. Ungekuwa umeweka fonksio yako ya kushika ishara, `execvp()` ingerudisha hali ya kawaida, SIG_IGN hairudishwi. Kwa hiyo kila programu inayowashwa na vitufe vyako imerithi agizo ambalo haikuomba. `system()` ndani ya kaprogramu kako inazaa mtoto, inamngoja kwa `waitpid()`, na kerneli imeshafuta matokeo. Inajibiwa ECHILD (hakuna mtoto wa kungoja), inarudisha -1, wewe unaandika "imekwama". Kwenye tty2 aliyewasha ni sheli ya kawaida, hakuna cha kurithi. Kijana wako hana kosa.

Kwa mzazi weka:

```
struct sigaction sa;
sigemptyset(&sa.sa_mask);
sa.sa_flags = SA_NOCLDSTOP | SA_NOCLDWAIT | SA_RESTART;
sa.sa_handler = SIG_IGN;
sigaction(SIGCHLD, &sa, NULL);
while (waitpid(-1, NULL, WNOHANG) > 0);
```

Na kwa mtoto, baada ya `fork()` na kabla ya `execvp()`, rudisha hali ya kawaida (SIG_DFL):

```
close(ConnectionNumber(dpy));
setsid();
sigemptyset(&sa.sa_mask);
sa.sa_flags = 0;
sa.sa_handler = SIG_DFL;
sigaction(SIGCHLD, &sa, NULL);
```

dwm, msimamizi mwingine wa madirisha, ya matoleo ya karibuni inafanya hivi hivi, ukitaka kulinganisha.

Fotokopi_Katuba:

Aksanti sana, mkubwa. Ile `while` ya nini, kama kerneli inafuta yenyewe?

Mwana_Kadutu:

Angalia `.xinitrc` yako (faili la amri za kuwasha X). Nadhani una `setxkbmap fr &`, `xsetroot &`, halafu mwisho `exec` ya msimamizi. `exec` haibadilishi PID, kwa hiyo watoto wa sheli wanakuwa watoto wako. Waliokufa kabla hujaweka SIG_IGN hawafutwi nyuma. Ile `while` inawaondoa mara moja mwanzoni.

ndege_ya_chuma:

Niongeze kitu. Ukiwa unataka kujua *nani* amemaliza, mfano upau uonyeshe "inachapa" mpaka kazi iishe, SIG_IGN haifai, kwa sababu namba ya kutoka imetupwa. Hapo unashika ishara kwa fonksio, na ndani unazungusha `waitpid()` na WNOHANG (usingoje kama hakuna aliyekufa) mpaka isipate mtu, sababu watoto watatu wakifa kwa pamoja unaweza kupata SIGCHLD moja tu. Usiweke `printf()` mule ndani, wala `malloc()`. Na usitegemee kuweka alama tu ukidhani mzunguko wako utaiona: `XNextEvent()` ikikatizwa na ishara inaendelea kungoja tukio la X kama kawaida. Fungua paipu, fonksio iandike baiti moja, kisha `poll()` isikilize paipu pamoja na `ConnectionNumber(dpy)`, muunganisho wako na X. Kabla ya kulala kwenye `poll()`, maliza kwanza yaliyo kwenye foleni kwa `XPending()`, la sivyo madirisha yataganda mpaka mtu aguse kipanya.

Kwa duka la fotokopi mimi nisingejisumbua na hayo yote.

Ila kuna jambo la pesa: `lp` kurudisha 0 maana yake foleni ya CUPS (mfumo wa kuchapa) imepokea kazi. Haisemi karatasi imetoka. Wino ukiisha katikati, rejista yako itaandika "imepita" vile vile.

Fotokopi_Katuba:

Nimeweka. `ps` haina Z hata moja, na Mod+I inaandika "imepita". Zile za `.xinitrc` zilikuwepo kweli, `setxkbmap` na `xsetroot`, umezitaja kama vile umekaa kwenye kaunta yangu.

Hiyo ya wino sikuwa nimeifikiria. Nitafanya rejista isome `lpstat -W completed` (orodha ya kazi zilizokwisha) kabla ya kuandika franka, na mistari ya zamani ya "imekwama" kijana ameomba tuipitie pamoja, yeye akisoma na mimi nikirekebisha.