Troy ya 2004: tuifurahie au tuilaumu kwa kuipindua hadithi ya Homer?

Mtoa Mada: Wakuu, nimeirudia filamu ya Troy, ile Brad Pitt ni Achilles, shujaa wa Wagiriki wanaouvamia mji wa Troy, na bado inanikosha. Ila jirani yangu mwalimu anadai anayeipenda hajui lolote kuhusu Wagiriki wa kale. Je, ni lazima filamu ifuate hadithi ya Homer, yule mshairi wa Kigiriki wa kale, ndipo tuifurahie?

Mwanafasihi: Mwalimu yuko sahihi. Vita vya miaka 10 vimebanwa vikawa vya siku chache. Menelaus, mfalme aliyetoroshewa mkewe Helen vita vikaanza, anauawa na Hector, mwana wa mfalme wa Troy, wakati kwa Homer anarudi Sparta na Helen wake. Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, naye eti anachomwa kisu na Briseis, mwanamke mateka! Hizo ni filamu za watu wa kibanda umiza.

Kijana wa Mbagala: Kibanda umiza kimekukosea nini? Mimi nimekulia kwenye yale mabenchi. Pale Hector anapojikwaa kwenye jiwe akaanguka, Achilles anamwambia ainuke kwanza, banda zima lilikuwa kimya. Tulielewa heshima ya adui bila kufundishwa na mtu.

Mwanafasihi: Jiwe hilo Homer hana. Kwake Hector anakimbia kwanza, anafukuzwa kuuzunguka mji mara tatu.

Binti Tanga: Hector akimbie? Usimzushie marehemu! Mtu aliyemuaga mke na mtoto, akaenda kufa kwa upumbavu wa mdogo wake Paris aliyemtorosha Helen!

Mwanafasihi: Kasome Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita hivyo, kitabu cha 22, dada.

Mzee Pamba: Mnagombania jiwe, hamuulizi Memnon yuko wapi. Mfalme wa Ethiopia, alikuja na jeshi kuisaidia Troy baada ya Hector kufa, Achilles akamuua. Mtu mweusi wamemfuta kabisa.

Mwanafasihi: Mzee, Ethiopia ya Wagiriki si hii ya Addis Ababa. Wapo waliosema Memnon alitokea Susa, huko Uajemi. Halafu vita vyake havimo kwenye Iliad, inaishia mazishi ya Hector.

Mzee Pamba: Na farasi wa mbao, yule Wagiriki waliyejificha ndani yake wakaingia Troy, yumo kwenye Iliad? Hayumo! Mbona wamemchonga mkubwa vile, na sasa amesimamishwa Çanakkale, Uturuki, watu wanapiga naye picha? Farasi apate nafasi, mfalme akose?

Binti Tanga: Hapo Mzee umemfunga mdomo.

Mwanafasihi: Hajanifunga. Farasi yumo kwenye Odyssey, utenzi mwingine, ni Homer yuleyule.

Mzee Pamba: Na Memnon naye ametajwa humohumo kwenye Odyssey, kwamba alikuwa mzuri wa sura kupita wote. Rudi kasome wewe sasa.