Mkunga wa kuhamahama: usingizi umenikimbia, nifanyeje?

MkungaSafarini:
Wadau, mimi ni mkunga, kwetu Arua, Uganda. Mwaka wa tatu huu naishi kwa mikataba ya miezi minne minne. Nilianza Moroto, nikaenda makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, sasa niko yale ya Kyangwali na kliniki inayozunguka. Begi silifungui lote. Nguo za juu ndizo nivaazo, za chini sijui hata kama panya hajazila.

Kazi naipenda. Tatizo ni kwamba kwenye timu Kiswahili nakijua vizuri peke yangu, na akina mama wengi hapa wametoka Kongo. Nikimaliza kupima wajawazito naitwa kutafsiri. Mama anasema "walinifunga", nami namgeukia daktari nasema vilevile kwa Kiingereza, kama yamenikuta mimi. Mara nne, tano kwa siku. Usiku naisikia sauti yangu mwenyewe ikiyarudia. Saa nane naamka, na ndiyo basi.

Juzi mwanangu kanipigia kunieleza jino lake limeng'oka. Nikamjibu kama najaza kadi ya kliniki: "Lini? Linauma?" Akanyamaza. Hapo nikaogopa. Mkubwa wangu nilipomgusia akasema nitazoea.

DerevaWaAmbulensi:
Pole sana dada. Begi fungua lote, leo. Mimi nikipelekwa kituo kipya natafuta kwanza mama wa chapati na kibanda cha mpira, choo baadaye. Usicheke. Unahitaji watu wawili watatu wasiokuita "musawo", yaani daktari.

KobokoBoy:
Waragi kidogo jioni, utalala kama mtoto.

TabibuFP:
Huyo wa waragi mpiteni. Pombe inakulaza halafu inakuamsha saa nane hiyohiyo. Na sisi wenye ufunguo wa kabati la dawa tuna jaribu letu: dada, usijiandikie diazepam ya kukulaza.

Niko upande wa afya ya akili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutaja uchovu wa kazi kuwa hali itokanayo na kazi yenyewe, si ugonjwa: nguvu zinaisha, kazi inakuchukiza, unajiona hufanyi la maana. Wewe bado unaipenda, kwa hiyo naona kuna zaidi ya uchovu. Umebeba majeraha ya watu. Kama hali hii imepita wiki mbili, nenda hospitali ya rufaa Hoima ukaombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Najua watu wetu wakisikia hivyo wanafikiria Butabika, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na kucheka. Waache wacheke.

MkalimaniNakivale:
Dada, nimefanya kazi hii miaka sita. Badilisha silabi moja tu: usiseme "wali-ni-funga", sema "anasema wali-m-funga". Walimu wa ukalimani watakukemea, wao wanataka nafsi ya kwanza. Kwa visa vizito mimi niliomba ruhusa kwa daktari, akakubali. Na uweke kikomo, visa vitatu kwa siku, kisha nusu saa ya kupima watoto uzito. Mtoto anayelia kwa sababu ya mizani ni dawa.

TabibuFP:
Hapo kwenye nafsi sikubaliani sana, mgonjwa anaweza kuhisi unamkwepa. Mweleze kabla hamjaanza. Ila la kikomo, lidai kwa maandishi. Kuzoea si mpango wa kazi.

MkungaSafarini:
Asanteni. Leo nimejaribu hiyo "m". Mama wa kwanza nilimweleza kabla, akasema, "Sawa, hata mimi nikisimulia huwa nasema ni dada yangu." Nikatoka nje kidogo, nikarudi.

Begi nimelimwaga kitandani. Kitenge kimoja kimetobolewa kweli, mwanangu kacheka sana kwenye simu. Barua ya visa vitatu nimeiandika. Ijumaa naenda Hoima. Kuna anayejua teksi ya kwanza kutoka huku inaondoka saa ngapi?