Tunauziwa mvinyo kwa orodha isiyoeleza chochote

Ndugu wanajukwaa,

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mke wangu kula chakula cha jioni katika hoteli moja ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina, nikarudi na hasira ambayo hadi leo haijapoa. Chakula kilikuwa kizuri. Ninacholalamikia ni orodha ya mvinyo.

Mvinyo wote wa Ufaransa ulikuwa umeandikwa kwa jina la mahali unakotoka na bei yake, basi. Wafaransa wenyewe huandika hivyo kwenye chupa zao kwa sababu wanajuana: kwao Chablis ni mvinyo mweupe wa zabibu za Chardonnay, na hakuna anayehitaji kuambiwa. Mtu aliyekulia Tanga atajuaje? Sancerre ndiyo iliyoniudhi zaidi, maana upo mweupe wa zabibu za Sauvignon Blanc na upo mwekundu wa zabibu za Pinot Noir, na orodha haikusema wao wanauza upi. Nilipomuuliza mhudumu alinijibu, "Yote ni mizuri tu, mzee." Simlaumu kijana yule, kwani ni dhahiri kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha kile anachotumwa kukiuza, namlaumu mwajiri wake.

Halafu kuna suala la glasi. Chupa moja ilikuwa shilingi 120,000 na glasi ya mvinyo huohuo shilingi 30,000, bila kutajwa glasi hiyo ni ya mililita ngapi. Chupa ya kawaida ina mililita 750. Wakimimina mililita 150 zinatoka glasi tano, yaani shilingi 150,000. Wakimimina 125 zinatoka sita, yaani shilingi 180,000. Tofauti hiyo inatoka mfukoni mwa mteja, naye hana namna ya kuijua kabla ya kuagiza. Bia na soda tunauziwa kwa kipimo kilichoandikwa, kwa nini mvinyo uwe wa kukisia?

Tuliamua kuagiza chupa ya Pinotage, mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, ambayo orodha ilisema ni ya zabibu zilizovunwa mwaka 2019. Ikaletwa ikiwa imekwisha kufunguliwa kaunta, na lebo inasema 2022. Chupa huonyeshwa kwa mteja kwanza ili asome lebo, kisha hufunguliwa mbele yake, naye huonjeshwa kidogo ili ahakikishe kwamba mvinyo haujaharibika, kwa mfano kwa kunuka boksi lililolowa kutokana na kizibo kibovu. Sisi hatukupewa hata hatua moja kati ya hizo. Isitoshe, mvinyo wenyewe ulikuwa na uvuguvugu wa rafu ya kaunta, ilhali mvinyo mwekundu hunywewa ukiwa na nyuzi 16 hadi 18 hivi, na joto la Dar es Salaam sote tunalijua.

Meneja alipoitwa alisema orodha ilichapishwa zamani na kwamba chupa iliyofunguliwa hairudishwi. Waliifungua wao, bila mimi kuiona! Nililipa bili yote kwa sababu mke wangu aliniomba tusiharibu usiku wetu.

Na katika kurasa zote nne za orodha ile hamkuwa na chupa hata moja ya Dodoma, mkoa unaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka.

Ninaomba aliyewahi kukataa chupa ya namna hii akabadilishiwa anieleze alimwambia nini meneja, kwa sababu ninakusudia kurudi pale na risiti yangu.