Rukia ametoka kikundini

Ami Salim (Wete): Assalaamu alaykum jamaa wote. Naona simu inanionesha kuwa Rukia ametoka katika kikundi chetu tangu jana usiku, na wala hakuaga. Nilimwandikia kuhusu ada ya chuo kikuu ya Nassor kama tulivyozoea kumwandikia, nikamkumbusha tena siku ya pili, na jawabu yake ikawa ni kutoka. Kama hiki ni kiburi cha Ulaya basi tuelezwe, maana mtoto huyu tumemlea hapa hapa mpaka siku alipofuatana na mama yake kwenda kwa baba yake.

Shangazi Zuwena (Wete): Waalaykumu ssalaam, kaka. Mimi kiburi sikioni. Mtoto aliyekuwa akinipigia kila Ijumaa baada ya sala, akauliza mpaka habari za kuku wangu, hageuki hivi hivi bila ya jambo. Nahofia kapatwa na hasadi. Nimeshasema na mwalimu wa chuo cha Kurani amsomee, na ikiwezekana arudi nyumbani, anywe kombe, yale maji ya aya za Kurani, apumzike kwetu mpaka moyo utulie.

Yussuf (Leicester): Shikamooni, ami na shangazi. Dada ameniruhusu nieleze, kwa hiyo sitoi siri ya mtu. Tangu kabla ya Ramadhani hapati usingizi, chakula hakimpandi, na kazini amepewa ruhusa ya ugonjwa. Daktari amesema ni sonona. Ujumbe wa ada ulimkuta ameketi jikoni na rundo la bahasha za baba ambazo hakuwa na nguvu ya kuzifungua, za kodi ya nyumba na za hospitali, kwa sababu hadi leo barua zote za wazee husomwa na kujibiwa na yeye.

Ami Salim (Wete): Sote tuna dhiki, mwanangu. Sisi tumelala na njaa na hatukwenda kwa daktari. Yeye ana kazi, ana pa kulala, mshahara unaingia kila mwezi. Kitu gani kinamliza?

Mwanaidi (Unguja): Baba, niwie radhi kwa kuingia katika maneno yako, lakini hii ndiyo kazi yangu na siwezi kunyamaza. Mtu akikaa majuma mawili au zaidi akiwa na huzuni takriban kutwa nzima, hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda ikamtoka, usingizi na chakula vikaharibika, huo ni ugonjwa, na huwapata wenye mishahara na wasio nayo. Hapa kwetu Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, kukitajwa tu watu huinamisha vichwa, kwa hiyo wagonjwa huletwa wakiwa wameshachelewa. Shangazi, kisomo asomewe, hakuna anayekizuia, lakini Mtume (S.A.W.) pia ametuamrisha tujitibu, na kumwambia mgonjwa aache matibabu apande ndege si kumsaidia.

Mwanaidi (Unguja): Na hilo la bahasha tusilipite hivi hivi. Mtoto aliyehamishwa akiwa mdogo huishika lugha ya ugenini kabla ya wazazi wake, basi taratibu anakuwa karani wa nyumba, mkalimani wao, na yule anayekwenda mbele kila wanapoitwa ofisini. Wataalamu wa malezi wameliandika sana jambo hili. Nafasi ya mzazi na ya mtoto hupinduka, naye akishakuwa mtu mzima kila ombi kutoka kwa jamaa huliona ni amri, na akikataa hata moja huhisi ametenda dhambi.

Yussuf (Leicester): Nitatoa mfano mmoja, na huu pia ameniambia niuseme. Mama alipokuwa na mimba yake ya mwisho, dada alitolewa skuli afuatane naye hospitali, akiwa na sare yake na mkoba mgongoni. Aliyekuwa akimpima mama alinyamaza, akaigeuza skrini upande wake, akamwita mwenzake, kisha akamwambia dada, ambaye alikuwa na miaka kumi, kuwa moyo wa mtoto haupigi, amweleze mama. Dada akamwambia mama kuwa mashine imeharibika, wamsubiri baba. Wakakaa ukumbini mpaka magharibi, yeye akijua na mama hajui. Mimi nimelisikia hili mwezi huu.

Shangazi Zuwena (Wete): Laa ilaaha illallah. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kumbe tulikuwa tukimwagiza vitenge.

Baba Hamad (Leicester): Nimeyasoma yote. Siku ile nilikuwa zamu ya kiwandani. Wanangu wanaijua tarehe 27 Januari 2001, siku polisi walipowapiga risasi waandamanaji, kwa kuwa imo katika habari, na wanajua kuwa watu wapatao 2,000 walikimbia Pemba, wakavuka kwenda Shimoni, Kenya. Nani nilivuka naye, na nani tulimwacha ufukweni, hawakupata kusikia kwangu. Kila Rukia alipolalamikia skuli nilimjibu ashukuru kwa kuwa yu hai na anasoma, naye tangu hapo akaacha kulalamika. Kaka Salim, leo baada ya isha nataka kuzungumza naye, na ningependa uwe nasi kwenye simu, kwa sababu baadhi ya yale uliyaona wewe, si mimi.

Mwanaidi (Unguja): Ami, ikiwa yeye ataridhia kuyasikia leo. Muulize kwanza. Jengine ni kwamba huko Uingereza hospitali zinatakiwa kukupatia mkalimani bila ya malipo, na unamwomba wakati wa kupanga miadi. Usiende tena na Rukia.

Yussuf (Leicester): Barua nimeshazichukua mimi. Polepole nazisoma, Kiswahili changu cha kumweleza baba kinachekesha, lakini tutafika. Na dada amejiandikisha mwenyewe kwa matibabu ya mazungumzo, kwani huku mtu mzima anaweza kujiandikisha bila ya kupitia kwa daktari. Anasubiri zamu yake.

Ami Salim (Wete): Mimi bado sifahamu vyema namna mtu anavyougua kwa barua, lakini la mama yake na ile mashine nimelifahamu. Hamad, nitakuwepo, ila kama mtandao wa Wete utakuwa mzuri. Ada italipwa zikishapimwa karafuu, na chuo nitakwenda mwenyewe kuwaomba watuvumilie. Nassor, usimwandikie dada yako chochote kuhusu pesa, hata salamu yenye pesa ndani yake.

Nassor (Unguja): Nimefahamu, mjomba. Je, naweza kumwandikia salamu tupu?

Yussuf (Leicester): Mwandikie, lakini usimwambie arudi kikundini. Na asipokujibu, usiirejee.