Maafisa afya wa wilayani wanayaonaje haya mabadiliko ya tabianchi, kweli wanaamini?

Mjukuu_wa_Bumbuli
Heshima zenu wakuu. Niko mwaka wa mwisho, nasoma afya ya mazingira, utafiti wangu ni kuhusu maafisa afya wa halmashauri na tabianchi. Kwetu Lushoto wazee wanasema zamani malaria ulikuwa unaitoa Mombo huko chini ndo unapanda nayo mlimani, leo neti zinatundikwa mpaka huku juu. Sasa kila afisa ninayemhoji ananijibu ndiyo, tabianchi ni tatizo kubwa sana, halafu nikifungua mpango wao wa mwaka hamna hata mstari mmoja. Wanaamini kweli au wananijibu tu niondoke?

bwana_afya_kata
Mdogo wangu kuamini tunaamini, sisi ndo tunaoingia vichochoroni mvua ikinyesha. Hapa Dar masika yakikolea watu wanatapisha vyoo, anatoboa shimo usiku maji ya mvua yabebe kila kitu, asubuhi uchafu umepita mlangoni kwa jirani na watoto wanacheza humo humo. Unamwandikia faini, analipa, mvua ijayo anatoboa tena maana gari la kunyonya haliingii kwake na hata likiingia hela hana. Kipindupindu kikija hatushangai. Shida iko kwenye karatasi: Mpango Kabambe, yaani mpango wa afya wa mwaka wa halmashauri, tunaandika kwa takwimu za MTUHA, ule mfumo wa taarifa za wagonjwa vituoni, na MTUHA ina kuhara, ina malaria, mvua haimo. Ukiomba hela ya ugonjwa ambao haujatokea unaulizwa wagonjwa wako wapi. Unatulia.

Mzee_Kipara
Mi naona siku hizi tabianchi imekuwa kichaka, choo kikifurika tabianchi, mtaro ukiziba tabianchi, wakati mtaro umezibwa na chupa za plastiki na huyo aliyejenga bondeni alipewa kibali na mtu. Na hiyo malaria ya milimani usiibebe kirahisi kijana, dawa ya klorokwini ilishachoka miaka mingi kabla haijaondolewa 2001, misitu imekatwa, mabonde ya kule yamejaa bustani na vidimbwi, watu wanapanda na kushuka kila siku. Joto lina mchango sikatai ila sio peke yake, wasimamizi wako watakutoa jasho hapo.

nesi_wa_kaunti
Naandika kutoka Kenya. Huku afya iko chini ya kaunti tangu 2013, so ungedhani mambo ni rahisi, wapi! Pesa inatoka mafuriko yakishaingia kwa nyumba. Lakini kitu kimoja usikisahau ni watu wa mifugo. Ile homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007, mvua kubwa za El Niño zilianza kwanza, mbu wakaanguliwa kwa mayai yaliyokaa mchangani wakati wa ukame, wafugaji wa Garissa wakaona mbuzi na kondoo wanatupa mimba, watu wakaugua, na huko kwenu ikafika Dodoma. Mfugaji ndiye anaona mapema. Sasa uliza afisa afya wako kama ana namba ya simu ya daktari wa mifugo, utacheka.

Mjukuu_wa_Bumbuli
Asanteni sana wakuu, @Mzee_Kipara umenipa kazi lakini sawa 😅 Sasa nikirudi wilayani niulizeje ili nisipewe tena lile jibu la ndiyo?

bwana_afya_kata
Usimuulize anaamini nini. Mwambie Agosti 2023 TMA, watu wa hali ya hewa, walitoa utabiri wa vuli wakasema El Niño inakuja, barua mliipata lini, nani aliisoma, na kabla ya mvua mlinunua nini, klorini, vipimo, buti? Omba na risiti kama wanakuonyesha. Halafu muulize dengi, ile homa ya mbu wanaozaliana kwenye maji yaliyotuama, maana 2019 ilitupiga hapa Dar na bado ukienda gereji yoyote matairi yamejaa maji.

Mzee_Kipara
Hapo kwenye risiti nakuombea heri kijana.